Sumu ya nyuki kama tiba: tupeane uzoefu, wana Moshi na Arusha

Mrina_Machame
Wakuu, habari za jioni. Watu wanazidi kuja mizingani wakitaka waumwe magotini na mgongoni kwa ajili ya baridi yabisi. Wanaofuga, wanaotibu na wanaovuna sumu, wekeni mnachokijua, kwa vipimo na sababu.

Naanza na mwiba. Nyuki akishachoma huuacha mwilini pamoja na kifuko, na misuli ya kifuko huendelea kusukuma sumu. Karibu yote huwa imeingia ndani ya sekunde 20. Anayetaka dozi ndogo autoe mara moja. Ukwangue kwa kucha au uushike kwa vidole, hakuna tofauti ya maana. Kinachohesabika ni muda. Pia mwiba hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, ambayo huwaita nyuki wengine wachome palepale. Kwa hiyo mgonjwa asikae jirani na mizinga, na aliyeumwa karibu na mzinga apulizwe moshi pale palipochomwa kabla ya kuondoka.

Mfamasia_Njiro
Asante mkuu. Mwiba mmoja una takriban maikrogramu 100 hadi 150 za sumu kavu. Karibu nusu yake ni melitini, inayotoboa utando wa seli. Maumivu mengi yanatoka hapo. Fosfolipesi A2 ni kama asilimia 10 hadi 12, nayo ndiyo chanzo kikubwa cha mzio. Hialuronidesi hulegeza tishu ili sumu isambae. Apamini ni kidogo sana, lakini hugusa neva.

Maabara imeonyesha melitini ikipunguza uvimbe. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba, na tusiwafiche wagonjwa hilo. Uholanzi walijaribu kwa wagonjwa 26 wenye ugonjwa wa neva uitwao skelerosisi: hadi miiba 20 kwa mkupuo, mara tatu kwa wiki, wiki 24. Matokeo yaliyotoka 2005 hayakuonyesha nafuu. Penye uhakika ni kuzoesha mwili wa mwenye mzio wa nyuki: sindano za sumu iliyosafishwa, dozi ikipandishwa hadi maikrogramu 100, kisha kuendelezwa miaka 3 hadi 5 chini ya daktari.

Binti_Sakina
Shikamooni. Mtu aliyekwisha kuumwa mara nyingi bila shida, bado kuna haja ya tahadhari?

Nesi_Kibosho
Marahaba mdogo wangu. Ipo, tena kubwa. Mwiba wa kwanza hauonyeshi kitu, kwa sababu mwili ndio kwanza unatengeneza kingamwili za mzio. Hispania kuna mwanamke wa miaka 55 aliyetibiwa kwa miiba miaka miwili bila tatizo, akaanguka siku moja na hatimaye akafariki. Taarifa yake ilichapishwa 2018.

Ulizeni dawa kwanza. Anayetumia propranololi au atenololi (dawa za presha na moyo) anaweza asiitikie vizuri adrenalini, sindano ya kuokoa aliyepata mzio mkali. Mwenye pumu isiyotulia msimguse.

Midomo ikivimba, kifua kikibana au presha ikishuka, adrenalini ya 1:1000, mililita 0.5 kwa mtu mzima, ichomwe kwenye msuli wa paja upande wa nje. Rudia baada ya dakika 5 ikibidi. Kosa linaloua ni kuanza na piritoni au haidrokotisoni (dawa za mzio zinazofanya kazi polepole) huku adrenalini ikisubiri. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Asiyeweza kupumua akae, lakini asisimamishwe ghafla. Akipata nafuu, bado apelekwe hospitali, maana dalili hurudi hata baada ya saa kadhaa. Kama hamna adrenalini mkononi, msimchome mtu.

Aliyevamiwa na kundi ni habari nyingine. Hata asiye na mzio anaweza kuharibika figo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, hospitali ya KCMC au ya Mount Meru haraka.

Fundi_Mizinga_Usa
Kwa wavunaji: nyaya hutandazwa juu ya kioo mlangoni mwa mzinga na kupewa mapigo madogo ya umeme kutoka betri ya volti 12. Nyuki huchoma kioo, sumu hukauka, yeye huondoka na mwiba wake. Gramu moja hudai michomo kama 10,000. Kwangua kwa wembe ukiwa na barakoa, miwani na glavu, maana vumbi lake huwasha mapafu. Nekta au vumbi vikiingia, sumu hubadilika rangi na bei huanguka. Chupa iwe nyeusi, ikae kwenye friza. Makundi hukasirika sana baada ya kazi hii, kwa hiyo ng'ombe na mbuzi wa kihambani (shamba la nyumbani) waondolewe kwanza. Aliyefungwa bandani hana pa kukimbilia.