Chenji ya abiria si mali ya konda, na elfu kumi asubuhi si nauli

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa ugomvi wa kila siku ndani ya daladala za Dar. Nauandika kwa hasira kwa sababu karibu kila ugomvi wa humo unajulikana unapoanzia. Konda anajua, abiria anajua, na suka, yaani dereva, anayeangalia yote kwenye kioo na kunyamaza naye anajua. Halafu kila asubuhi tunatukanana upya utadhani jambo limezuka leo.

Naanza na chenji, maana hapo ndipo midomo michafu inapofunguka.

Desemba 2023 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli ya ruti fupi, zile zisizozidi kilomita 10, kutoka 500 kwenda 600, watu walilalamikia ile mia iliyoongezeka. Sarafu hakuna aliyezifikiria. Nauli ilipokuwa 500, aliyetoa elfu moja alirudishiwa sarafu moja ya mia tano, kazi imeisha. Kwa 600 anadai 400, yaani sarafu mbili za mia mbili au nne za mia. Sasa chukua Coaster moja yenye watu 30. Watu 20 wakitoa elfu moja moja, konda anahitaji sarafu 40 za mia mbili, shilingi 8,000 za chuma tupu kwa tripu moja. Wale 10 waliotoa nauli kamili wamempa mia tano na mia, na hizo mia zao kumi zinatosha kuwarudishia watu wawili tu. Hesabu hii konda anaifanya kichwani kila siku, kwa hiyo asije mtu hapa kusema chenji "imekosekana". Haikuandaliwa.

Gari linaingia barabarani saa kumi na moja alfajiri, konda mfukoni hana hata mia. Neno lake la kwanza ni "chenji utapata mbele". Mbele anategemea sarafu za watu ambao hata gari hawajapanda. Zisipoingia mpaka kituo chako kinafika, anakupa mia mbili, ile nyingine "tutaonana kesho". Ukisimama mlangoni kudai, gari zima linakugeukia: unatuchelewesha kwa mia mbili! Hao wanaokupigia kelele wamesahau kwamba mia mbili ni nauli ya mwanafunzi. Watu watano wakiachiwa mia mbili mbili kwa tripu, konda amejipatia elfu moja ambayo tajiri mwenye gari haijui na suka haioni.

Na kuna huu ujinga wa "mgawane". Enzi za 500 ulikuwa na maana kidogo: watu wawili wanapewa noti ya elfu moja, wanashuka pamoja, wanaivunja kwa muuza maji, kila mtu na njia yake. Kwa 400 noti ya elfu mbili inataka watu watano, na watano hao hawashuki kituo kimoja. Konda anaipachika kwenye kiganja cha wa kwanza anayeshuka, anageuza uso, anaita abiria wapya. Watu wasiojuana wanabaki kudaiana pembezoni mwa barabara, mmoja anachelewa kazini, mwingine anaitwa mwizi. Hilo deni ni la konda. Hana haki ya kulihamishia kwa abiria.

Najua makonda watakuja kusema wauza chenji wa vituoni wanakata chao, ukiwapa elfu kumi hupati sarafu za elfu kumi. Kweli, wanakata. Basi hiyo ni gharama ya biashara kama ilivyo dizeli, na hatujawahi kusikia konda akimwambia abiria "dizeli tutagawana".

Konda anayeijua kazi anafanya hivi. Usiku anapofunga hesabu, tajiri anapewa noti, chuma kinabaki kwake kwa ajili ya kesho. Asubuhi nauli anaanza kukusanya mapema, vituo viwili vya kwanza, kabla njia ya katikati haijajaa watu, akitokea siti ya nyuma kuja mlangoni. Noti anazikunja kwa urefu na kuzipanga vidoleni, za elfu moja vidole vyake, za elfu tano na kumi vyake, ili akiulizwa aone kwa jicho moja nani alitoa nini. Anayedai kubwa anamwambia mapema, "mama wa dirishani, elfu tano yako naiona". Na kituo kinachokaribia, anawamaliza kwanza wanaoshuka hapo, gari likiwa bado linatembea. Anayesubiri mpaka mtu amekanyaga chini ndipo aanze kuhesabu sarafu anataka yule mtu achoke aondoke.

Sasa abiria, msifurahi.

Elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi ni uonevu. Chenji yake ni 9,400. Ili upate hiyo, konda achukue noti za nusu ya gari akupe wewe, halafu wote wanaokuzunguka wakose. Kama ndiyo noti pekee uliyonayo, sema ukiwa bado chini: "Konda, nina elfu kumi, chenji ipo?" Akisema panda, mzigo ni wake. Akisema hana, subiri gari jingine au ivunje kwanza. Kupanda kimya kimya, kukaa, kufika kituo cha mwisho kabla ya chako ndipo unaivuta kwenye pochi, huo ni mtego, na wapo wanaoufanya makusudi wakitumaini konda atachoka awaambie "shuka tu".

Jingine dogo lenye kumaliza ugomvi mkubwa: unapotoa hela, taja. "Elfu tano hiyo, mmoja, naishia Buguruni." Noti, idadi ya watu, unakoshuka. Mkitoa wawili kwenye elfu mbili, sema "wawili hao", anajua ni 800 na hakuna wa kubishana. Hela ikipitishwa mkono kwa mkono kutoka nyuma, kila anayeipokea arudie maneno yaleyale, si kuikabidhi tu kama karatasi. Ubishi wa "ulinipa elfu mbili, hukunipa elfu tano" unazaliwa hapohapo ambapo watu wamenyamaza. Na konda akitikisa sarafu sikioni mwako ujue anadai nauli. Kujifanya umelala huku umekumbatia pochi kunamlazimisha kukugusa bega, kisha unamwambia asikushike. Toa nauli yako.

Kushuka.

Mji huu una konda anayeuliza vizuri kabisa, "Riverside wapo?", gari zima kimya. Gari likishakipita kituo, sauti inatoka siti ya nyuma: "Shusha hapo! Konda, we vipi?" Kama unatoka Buguruni kwenda njia ya Ubungo na unashuka Riverside, sema gari linapoondoka kituo cha External. Sema kwa sauti, "Riverside shusha", kisha anza kusogea. Mtu aliyebanwa siti ya nyuma dirishani ana watu wanne wa kuvuka kabla hajaufikia mlango, na gari likisimama ndipo aanze kuinuka, nyuma yake kuna honi za malori na trafiki anaangalia.

Konda naye akumbuke kuwa kugonga bodi ni kumwambia dereva watu wako salama. Suka haoni ngazi ya mlango vizuri watu wakiwa wamesimama, anasikiliza mkono wa konda tu. Akigonga na kusema "twende" mama bado ana mguu mmoja kwenye ngazi na mtoto mgongoni, yule mama anaangukia lami. Utaratibu unaeleweka: konda ashuke wa kwanza, asimame pembeni ya mlango badala ya mbele yake, wanaoshuka waishe, wanaopanda wapande, yeye awe wa mwisho kupanda, ndipo agonge. Wanaopanda nao wangoje. Mlango wa Coaster ni mmoja na mwembamba. Mkiingia huku wengine wanatoka mnampa mwenye mikono myepesi nafasi anayoitafuta, maana simu nyingi zinapotea kwenye ule msukumano wa sekunde chache.

Jioni kwenye vituo vya Gerezani na Mnazi Mmoja ni habari nyingine. Wanaogeuza na gari, yaani waliolipanda likija ili warudi nalo, wamelipa nauli ya kwenda na watalipa ya kurudi, siti ni zao kihalali, acheni kuwatukana. Ila anayerusha mkoba dirishani kuwekea siti watu watatu ambao bado wako barabarani hajalipa chochote. Konda anamwona na anamwachia, kisha mjamzito anasimama mpaka Mbagala. Neno "jamani mpisheni mama" kazi yake ni ya konda kwanza, kwa sababu abiria akilisema anaambiwa "mpishe wewe". Konda akilisema, mtu anainuka.

Kuhusu wanafunzi sitaki kusikia utetezi. Nauli ilipopanda, yao iliachwa 200. Kwa hesabu ya konda, wanafunzi watatu ndio mtu mzima mmoja, basi gari linasimama hatua ishirini kabla ya kituo au ishirini baada, watoto wanakimbia na mabegi, mlango unafungwa wakiufikia. Wakipita, wawili tu: "denti wametosha". Mtoto anayetoka nyumbani kukiwa giza anaingia darasani kipindi cha pili, na mwalimu anamuuliza yeye. Tena mtoto aliyelipa akipata siti anainuliwa kwa kelele, "denti simama, kaka akae", wakati huyo kaka ana nguvu kuliko gari lenyewe. Mtoto anampisha mzee, mjamzito na mgonjwa, hiyo ndiyo adabu. Kijana wa miaka 30 asimame.

Abiria tuliokaa, begi la mwanafunzi aliyesimama tulipakate. Zamani hukuhitaji kuombwa, ulinyoosha mkono tu ukasema "lete nikushikie". Begi likiwa mgongoni kwa mtoto aliyesimama linachukua nafasi ya mtu mzima na linampiga usoni aliyekaa kila gari linapofunga breki. Ninyi wenye mabegi ya kompyuta mgongoni, yavueni, myashike mbele.

Kukatisha ruti. Ubavuni imeandikwa Gongo la Mboto, gari linafika Banana, konda anatangaza "mwisho wa gari, bovu". Dakika tano baadaye lilelile bovu limegeuza linaita watu wa kurudi. Hapo haki zako ni mbili: urudishiwe hela ya kipande kilichobaki, au ufaulishwe, yaani uhamishiwe gari jingine. Ukikubali kufaulishwa, usipande mpaka uone konda wako akimlipa konda wa pili kwa mkono, na wa pili akubali mbele yenu kwamba ninyi watu kadhaa mmeshalipiwa. Mkitawanyika kila mtu na mlango wake, mtalipa mara mbili, na yule wa pili hatakuwa na kosa. Namba ya gari, ile nyeupe, iandikwe kabla halijageuza, pamoja na saa, kituo na ruti iliyoandikwa ubavuni. Malalamiko ya "daladala moja la Gongo la Mboto" hayamfikishi mtu LATRA wala trafiki, kwa sababu hakuna gari la kukamata.

Mizigo: bei ya gunia au ndoo ikubaliwe chini, kabla haujapandishwa. Anayekaa kimya wakati wa kupakia atatajiwa bei ya konda wakati wa kushusha, mzigo ukiwa umeshikiliwa.

Lugha sasa. "Kama hutaki shuka upande teksi" haijawahi kuwa jibu la mtu anayedai 400 yake. Na "we konda" kwa kijana anayesimama mlangoni tangu alfajiri hadi usiku, hapo ameshatukanwa na watu kumi, haikupi chenji haraka. Kaka, anko, dada, mama, mzee, maneno yapo.

Mwisho ni ninyi matajiri wenye magari, maana humu mpo. Hesabu mnayoipanga, ile hela mnayotaka iletwe jioni dereva na konda wakishatoa mafuta, ndiyo inayoamua kama mwanafunzi atapanda na kama mia mbili itarudi. Wengi wa hao mnaowaona mlangoni ni deiwaka, wameshikishwa gari kwa tripu mbili, kesho hawapo, na ndiyo maana ile "tutaonana kesho" haiwagharimu kitu. Nauliza, na nataka jibu la mtu mwenye gari: nani kati yenu anamkabidhi konda wake sarafu za elfu kumi alfajiri, pamoja na funguo, kabla gari halijatoka?