Mrejesho: mteja wa jiko la umeme bila kibali

Wakuu, mtakumbuka niliomba ushauri kuhusu mteja aliyetaka nimfungie jiko la kilowati 7 kwenye laini ya soketi, bila kibali wala ukaguzi. Asanteni mliojibu, hata wewe uliyesema "piga kazi, chukua hela".

Nilikataa. Nilimpigia hesabu mbele yake: kwa volti 230, jiko hilo linavuta takriban ampea 30. Waya uliopo ukutani ni wa milimita za mraba 2.5, na breka yake ni ya ampea 20. Wazo lake lilikuwa niweke breka ya 32 "isiruke ruke". Breka kazi yake ni kuulinda waya: umeme ukizidi, inaruka na kuukata. Ukiweka kubwa kuliko uwezo wa waya, waya utachemka ndani ya ukuta na breka itatulia tu, haina habari. Nikamwandikia ujumbe wa sababu zangu na bei ya kuvuta laini mpya ya jiko, kibali kikiwemo. Hiyo ya kuandika mlinishauri nyie, na imenisaidia sana.

Alikasirika, akampata fundi mwingine. Sasa kanirudia: anataka nisaini cheti cha kazi ya huyo fundi! Nimemjibu sisaini kitu ambacho sikukifunga wala kukipima. Akikubali tung'oe na kuvuta laini upya, nipo. Bado hajajibu.