Kodi ya mapato imeruka ghafla kwenye slipu yangu, mshahara ni uleule. Nianzie wapi?

Zamu ya Usiku:
Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kuisoma slipu yangu ya mshahara, maana tangu juzi usingizi umenipaa.

Sitaki kuanika tarakimu zangu, kwa hiyo chukulieni mshahara wa msingi ni 100, na hapo mchango wa pensheni nimeshautoa. Juu yake kuna posho ya nyumba 20. Jumla 120. Kila mwezi nakatwa kodi ya mapato 15. Mwezi huu nimekatwa 39! Sijapandishwa mshahara, sijapewa bonasi, sina saa za ziada. Mstari ni mmoja tu, "Kodi ya mapato", bila maelezo.

Nimempigia mhasibu wa mishahara, akanijibu kwamba mfumo ndivyo ulivyokokotoa, akakata simu. Kodi ya nyumba inadaiwa wiki ijayo na sina pa kuitoa. Nimeshaanza kuandika barua ya malalamiko kwa mkurugenzi, ila wenzangu kazini wananiambia ninyamaze nisije nikaonekana mkorofi. Je, ni kosa, au ni haki yao?

Kisima:
Pole sana ndugu yangu. Barua ya mkurugenzi iweke pembeni kwanza. Ukienda huku hujui umekatwa nini, watakujibu lile lile la mfumo, na safari hii kwa maandishi.

Toa slipu za miezi sita, zitandaze mezani zikiwa sambamba. Macho yasiishie kwenye kodi tu. Tafuta mstari wa mapato yanayotozwa kodi, uone kama umebadilika na ni mwezi gani. Mara nyingi kinachoonekana leo kilianza zamani.

Mpenda Haki:
Mkuu, hapo umevuka daraja la kodi. Ukivuka mstari hata kidogo, mshahara wote unakatwa kwa kiwango cha juu. Mimi mwaka juzi nilikataa nyongeza kwa sababu hiyohiyo.

Mhasibu wa Zamani:
Mpenda Haki, naumia kusikia ulikataa nyongeza. Hicho unachosema ni kosa ambalo nimelisikia kwa watu wengi, na limewagharimu. Kodi ya mapato ya madaraja haifanyi kazi hivyo. Kiwango cha juu hugusa kile kilichozidi mstari peke yake; cha chini yake kinabaki na kiwango chake cha zamani. Kuvuka mstari kwa 5 maana yake ni hizo 5 tu zinatozwa kiwango kipya. Mtu anaweza kupoteza msaada fulani unaotolewa kwa wenye kipato kidogo, hilo ni jambo jingine, lakini kodi yenyewe haiwezi kula zaidi ya nyongeza uliyopewa.

Zamu ya Usiku, tuwekee madaraja ya nchi yako kwa kipimo hichohicho cha 100.

Zamu ya Usiku:
Nimeyatafuta. 30 za mwanzo hazitozwi kitu. 30 zinazofuata ni 10%. Zaidi ya 60 ni 30%, hakuna cha juu ya hapo.

Mhasibu wa Zamani:
Vizuri, sasa tunaweza kuongea kwa hesabu.

Tuseme wamekuonea kabisa, wakasahau hata zile 30 zisizotozwa, wakakukata 30% kwenye 120 yote. Ingekuwa 36. Wewe umekatwa 39. Hakuna namna yoyote ambayo mshahara huo, kwa viwango hivyo, utazaa kodi ya 39 kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo ndani ya mstari huo mmoja kuna kodi ya mwezi huu na kitu cha nyuma.

Kodi sahihi ya 120 ni hii: 30 hazina kitu, 30 zinazofuata zinatoa 3, na 60 zilizobaki zinatoa 18. Jumla 21. Lakini ulikuwa unakatwa 15. Na 15 ndiyo kodi ya 100 kamili, yaani mshahara wa msingi peke yake. Posho yako ilikuwa haitozwi. 30% ya 20 ni 6, ambazo walikuwa wanaziacha kila mwezi. Toa 21 kwenye 39, zinabaki 18. Gawa kwa 6. Ni miezi mitatu.

Nikuulize: posho ya nyumba ulianza kuipata lini?

Dada Zuhura:
Nakubaliana na Mhasibu, ila niongeze kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na tatizo linalofanana na hili. Mimi kodi yangu iliruka nilipoanza kazi ya pili, na hapakuwa na deni lolote. Unafuu wa kodi, yaani kile unachosamehewa, hupewa kwenye kazi moja tu. Kenya, unafuu binafsi wa shilingi 2,400 kwa mwezi unautumia kwa mwajiri mmoja. Tanzania Bara, ajira ya pili hukatwa 30% kuanzia shilingi ya kwanza. Uingereza, ukiona herufi BR kwenye msimbo wako wa kodi (ule unaomwonyesha mwajiri akukate vipi), jua kazi hiyo inakatwa 20% yote bila sehemu ya msamaha. Na ukihamia kazi mpya pale bila karatasi za mwajiri wa zamani, wanakuweka kwenye msimbo wa dharura mpaka taarifa zako zifike.

Mwenye kazi moja ambaye mfumo unamsoma kama ana mbili, labda kwa sababu mwajiri wa zamani hakumfuta, atakatwa hivyohivyo. Hilo ni la kuangalia mapema.

Zamu ya Usiku:
Mhasibu, nimeishiwa maneno. Posho nilianza kuipata miezi mitatu kabla ya huu, nilipohamishiwa kituo kingine. Nimerudi kwenye slipu zile na kweli, mapato yanayotozwa kodi yameandikwa 100 miezi yote mitatu. Mwezi huu yameandikwa 120. Sikuwahi kuutazama mstari huo.

Kwa hiyo nilikuwa nadaiwa bila kujua? Basi sina la kulalamika.

Mhasibu wa Zamani:
Unalo. Kodi yenyewe inaweza kuwa halali, na bado namna ilivyokatwa ikawa mbaya.

Mwajiri ni wakala wa kukusanya tu. Asipokata inavyopaswa, mamlaka ya mapato humdai yeye, na sheria nyingi humruhusu kurudi kwako. Ndiyo maana mhasibu wenu alipogundua kosa alikimbilia kulifuta lote kwa mkupuo. Nimekaa kwenye kiti hicho miaka mingi, naijua hofu yake. Lakini kosa lilikuwa la ofisi, na ofisi ina wajibu wa kukuarifu kabla, kukuonyesha hesabu, na kusikiliza kama unaweza kulipa kidogo kidogo. Nchi nyingine zimeweka ukomo kabisa: Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kwa jumla yazidi theluthi mbili za mshahara. Ya kwako hayajafika huko, ila angalia kama kwenu kuna ukomo wa namna hiyo, hasa ukiwa na mkopo unaokatwa hapohapo.

Andika kwa ofisi ya utumishi, nakala kwa mhasibu wa mishahara. Usitumie neno wizi wala uonevu. Kitu kama hiki:

"Kodi yangu ya mapato mwezi huu ni 39 badala ya 15. Kwa hesabu yangu, kodi ya mwezi huu ni 21. Naomba mchanganuo wa 18 zilizobaki, mwezi kwa mwezi. Ikiwa ni marekebisho ya posho, naomba yagawanywe, kwa kuwa sikuarifiwa."

Na kabla hujaipeleka, hakikisha miezi yote mitatu posho ilikuwa 20 kamili. Mfumo ukirekebisha ya nyuma, hupenda kuchukua kiasi cha leo na kukipachika kote.

Mpenda Haki:
Kuhusu ile nyongeza, nimepiga hesabu upya kwa njia ya Mhasibu. Nilikosea, na nimeikosa kwa miaka miwili. Nitakwenda kuongea na mkuu wangu.

Lakini swali langu kwa Zamu ya Usiku: una uhakika wamezipeleka hizo pesa? Kukatwa ni jambo moja, kufika ni jingine.

Kisima:
Swali zito hilo. Nilipokuwa kazi ya kwanza tulikatwa karibu mwaka mzima, na kwenye rekodi za mamlaka hapakuwa na kitu. Siku nilipohitaji uthibitisho wa kodi ndipo nikajua.

Mwajiri ana tarehe ya mwisho. Kenya ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata, Tanzania ni ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Tarehe ya kwenu ikishapita, ingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi au nenda ofisini kwao na namba yako, uone kama zimeingia kwa jina lako. Namba ikikosewa tarakimu moja, zinaweza kumwangukia mtu mwingine.

Zamu ya Usiku:
Nimerudi wakuu, wiki imepita.

Mhasibu wa Zamani, Mungu akubariki. Mwezi wa kwanza wa ile mitatu nilihamia kituo katikati ya mwezi, kwa hiyo posho ilikuwa 10, siyo 20. Kodi yake ilipaswa kuwa 3, wao waliweka 6. Deni halali ni 15, siyo 18.

Nilipeleka barua kama ulivyoiandika, pamoja na nakala za slipu nne. Siku ya pili mhasibu aliniita mwenyewe, tukakaa, akafungua mfumo mbele yangu. Alikiri kosa la mwezi wa kwanza na akaomba radhi kwa ile simu. Kumbe tuko wafanyakazi kadhaa tuliohamishwa pamoja, na wote wamekatwa vilevile; wale walionishauri ninyamaze ni miongoni mwao. Nimewapa nakala ya barua.

Wamekubali 15 zikatwe 5 kwa miezi mitatu, huu ukiwamo. Jana nimerudishiwa 13: zile 3 za makosa, na 10 zitakazokatwa miezi miwili ijayo. Kodi itakuwa 26 mwezi ujao na unaofuata, kisha 21. Kodi ya nyumba nimelipa.

Mhasibu wa Zamani:
Nimefurahi kwa dhati. Bado moja. Hizo 13 umerudishiwa na ofisi, lakini kwenye ripoti ya mwezi huu huenda wameshaandika 39. Hati yako ya kodi ya mwisho wa mwaka ikitoka, jumlisha slipu zote kumi na mbili na ulinganishe. Zile 3 zikionekana bado zimehesabiwa, warudie ukiwa na barua hiyohiyo.