Soli ya spaiki za mita 400: nihamishe msumari au niongeze sponji?

Mchorasoli: Habari zenu wakuu. Nachora soli ya spaiki (viatu vya mbio vyenye misumari chini) za mita 400. Bamba la kaboni, misumari saba, nimeipanga kufuata ukingo wa mbele. Mkimbiaji anayenijaribia anasema akiwa kwenye kona msumari mmoja unamchoma chini ya kidole gumba. Niongeze sponji ndani?

Fundi Soli: Ni mguu wa kulia, sivyo? Kwenye kona mwili unalalia kushoto, kwa hiyo mguu wa kulia unabeba uzito upande wa kidole gumba, na wa kushoto upande wa kidole kidogo. Hamisha tundu la huo msumari, mkuu. Sponji utaongeza leo, kesho imebonyea, maumivu yako palepale.

Toa soli ya ndani ya kiatu chake kikuukuu uitazame kwenye mwanga. Pale palipong'aa na kudidimia, chini ya fundo la kidole gumba, ndipo anapokanyagia. Tundu la chuma likikaa katikati ya hapo, mfupa unagonga chuma na bamba jembamba halina pa kusambazia mgandamizo. Panga misumari miwili, mmoja mbele ya fundo na mmoja nyuma yake, fundo likae katikati. Ukingo wa soli usikuongoze kabisa, fuata mifupa.

Kocha wa Kona: Naongezea kanuni. World Athletics, shirikisho la riadha duniani, inaruhusu misumari hadi 11 kwa kiatu, na kwenye uwanja wa tatani (sakafu ya mpira) isichomoze zaidi ya milimita 9. Tangu Novemba 2024 unene wa soli kwa mbio zote za uwanjani usizidi milimita 20, na soli ya ndani inahesabiwa humo. Sponji inakula nafasi yako.

Mchorasoli: Ni wa kulia kweli! Na bamba je, nilipunguze pale kwenye fundo lipinde kirahisi?

Fundi Soli: Usilipunguze pale. Kaboni ikikunjwa mahali pamoja kila hatua, itapasukia hapohapo, hasa kama tundu liko jirani. Likiwa gumu mno kwake, punguza tabaka za kaboni kwenye bamba zima, au ongeza mkunjo wa ncha kuelekea juu ili mguu ubingirike badala ya kulazimisha bamba lipinde. Jaribu mkunjo kwanza, kisha mpeleke kwenye kona kwa kasi ya mashindano. Akikimbia taratibu hutagundua kitu.