Mjadala: Utaratibu wa Njuri Ncheke uingie kwenye mafunzo ya viranja Meru?

Mtoa hoja: Viranja wafunzwe uongozi na haki kwa utaratibu wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinatambua usuluhishi wa jadi. Mnasemaje?

Mwalimu wa Historia: Napinga, kama ni kusifu tu. Mwaka 1956 baraza hilo lilipiga marufuku ukeketaji. Marufuku yenyewe ilikuwa ya haki, lakini waliokaa kuamua walikuwa wanaume watupu. Wasichana wakakeketana wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani “nitajitahiri mwenyewe”. Katika miaka 3 watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Kiranja asiyejua hayo amefunzwa nini kuhusu uongozi?

Mratibu wa kambi za wasichana: Mwalimu, hayo ndiyo yanayonifanya niunge mkono. Mwaka 1996, Gatunga kule Tharaka, palianza Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Mafunzo ya faraghani, wasimamizi wa kike na sherehe vilibaki; kisu kikaondolewa. Kambi za mafunzo haya huharibika pale msichana anapochukuliwa peke yake: akirudi, nyumbani hakuna aliyekubali kuacha kisu. Anzeni na mama na nyanya, kisha baba, ndipo aje mtoto.

Utaratibu wa Njuri nao ubadilishwe hivyo hivyo. Darasani, kaeni 12 kwa duara, nusu wasichana. Chukueni kesi halisi, tuseme vitabu vya darasa vimeibwa. Mdogo kabisa aanze, kwa sababu kiranja mkuu akitangulia wengine watamwitikia tu. Kila mmoja aseme mara moja kabla ya yeyote kurudia. Adhabu iwe kazi, isiwe pesa. Faini humwumiza mtoto wa maskini na kumwacha wa tajiri. Uamuzi upimwe kwa kifungu cha 159(3): je, unakiuka Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayolinda haki za kila mtu? Dhuluma ya kingono haiingii kwenye duara kamwe, hata wazazi wakiomba yaishe kifamilia. Hiyo ni ya polisi na afisa wa watoto, siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa Historia: Hapo nakubali, kwa sharti moja. Mzee wa Njuri akialikwa, aalikwe pamoja na mama mzee wa hapo hapo, na wote wawili waulizwe kuhusu 1956 mbele ya wanafunzi. Mzee asiyetaka swali hilo asialikwe.

Mtoa hoja: Na shule za wavulana watupu, duara lao litasikia wapi sauti ya msichana?