Mshauri nasaha kanililia talaka yake kwenye kikao changu, tishu nikampa MIMI

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, naandika nimesimama getini, mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule wa ghorofa ya pili mwenye tangi la samaki mapokezi. Jina silitaji, msije PM.

Mama yangu tumemzika Mei. Tangu hapo silali. Nimejikusanya, nimelipa elfu sitini kwa saa moja. Nafungua mdomo, "tangu mama aondoke...", kanikata. "Nakuelewa kabisa, hata mimi mwaka jana mume wangu..." Nikadhani ni mfano tu. Jamani! Tumeondoka Dar na huyo mume, tumepita Morogoro kwa mchepuko, tumelala Iringa kwa mama mkwe, tunafika Tunduma kwenye kugawana mali, mimi hoi. Friji lao nalijua mpaka rangi.

Halafu akalia. Kwa kwikwi! Boksi la tishu lilikuwa upande wangu, maana mwenye kulia nilitakiwa kuwa mimi. Nikachomoa, nikampa. Nikamwambia "pole dada, yatapita". Mimi mwenye msiba! Nikampa na ya pili.

Saa ilipoisha akajifuta, akasema kikao kijacho tutaangalia "suala lako". Jina la mama yangu halijatamkwa mle ndani hata mara moja. Elfu sitini, nimempa mtu tishu.

Mpiga Zumari: Mbona umefanya kazi nzuri mkuu? Mdai elfu sitini yako na yake.

Bi Kidawa wa Temeke: Pole kwa mama. Risiti ulipewa?

Soba wa Darajani: Msiwachanganye washauri wote kapu moja. Mimi unga, yaani dawa za kulevya, nimeuachia soba hausi, nyumba ya kuachia hayo madawa, hapa Unguja, na waliotusimamia walikuwa watumiaji zamani. Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, huijui kwa kuisoma kitabuni. Usiku wa tatu yule kaka aliniambia, "Nami nilitapika hivihivi, utakula tu." Basi. Akanishikia ndoo mpaka alfajiri.

Mleta uzi: Ndiyo hicho ninachokililia! Wewe ULISHIKIWA ndoo. Mimi nimeshika tishu!

Msomi wa Kata: Mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani, aliyebuni tiba ya DBT inayosaidia watu wanaojidhuru, mwenyewe alilazwa hospitali kule Hartford mwaka 1961, ana miaka 17. Akaja kuyasema hadharani 2011, hospitali ileile. Kwa hiyo kupitia mambo siyo kosa, mleta uzi punguza jazba.

Mleta uzi: Kwani nani kasema ni kosa? Huyo mama alisubiri miaka hamsini, akasimama ukumbini. Hakumwegemea mfiwa aliyelipia saa moja! Angeniambia "nami nimewahi kupoteza, najua usiku unavyokuwa mrefu", ningemshukuru mpaka leo.

Mpiga Zumari: Tishu ilikuwa ya kunukia au ya kawaida?

Mama Nasra: Wenzako tunapata bure. Fundi wangu wa nguo kashika gauni la harusi ya mdogo wangu wiki tatu, nikienda ananisimulia mkewe alivyomkimbia. Harusi Jumamosi, gauni halina mikono.

Chogo Mkavu: Fundi gani huyo, wa nyuma ya stendi? Kala na suruali yangu!

Mama Nasra: Huyohuyo!! Twendeni kesho asubuhi, wote.

Bi Kidawa wa Temeke: Mimi nina kitenge changu pale tangu Idi.

Mleta uzi: Jamani, mama yangu.

Chogo Mkavu: Pole mkuu. Mama Nasra, saa ngapi?

Kijana wa Pasiansi: Nauliza tu, wale samaki wa mapokezi wanawafugaje? Wangu kila wiki wanakufa.

Msomi wa Kata: Maji ya bomba yana klorini. Yaache ndooni siku nzima kabla ya kuyamimina.