Naomba ushauri: taulo jepesi linalokauka haraka

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Mwanza, mwezi ujao napanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku 6, kulala ni kwenye vibanda. Kinachonikwamisha ni taulo.

Juzi nilivuka kwenda Ukerewe na taulo langu zito la pamba. Nilioga asubuhi pale Nansio nikalianika dirishani. Hadi jioni pindo zilikuwa bado mbichi. Nikalikunja hivyo hivyo, na kufika nyumbani nguo zote kwenye begi zilinuka uvundo. Nimejaribu kanga pia. Inakauka upesi na haina uzito, ila ikiwa mpya inasambaza maji mwilini tu, hainyonyi.

Sokoni nimeshika taulo la maikrofaiba, jembamba, linanatanata kwenye vidole vikavu. Muuzaji analisifia sana, lakini yeye anaongelea jua la Mwanza.

Aliyewahi kulitumia mlimani: likifungwa nje ya begi mkitembea, linakauka kweli na ule ubaridi wa vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari? Na kwa mtu mzima, sentimita 40 kwa 80 zinatosha, au nichukue 60 kwa 120? Natanguliza shukrani.